Mkalimani wa Nguo za Karatasi

Shangazi yangu hajawahi kuvuka mpaka wowote, na lugha ya kigeni anayoijua ni ile iliyoandikwa ubavuni mwa cherehani yake, lakini mtaa mzima unamwita Mkalimani. Mletee mchoro wa gauni wa zamani, ule uliochorwa kwa mkono, mwanamke ana shingo kama bomba la jiko na miguu isiyofika chini. Atakaa nao, atausoma kama mtu anayesoma barua kutoka kwao, kisha atakushonea nguo ambayo mpaka siku ile ilikuwa ya karatasi tu. Mafundi wengine wakiona michoro hiyo husema, hii ni sanaa, mama, lete picha ya simu. Shangazi husema picha ya simu inaonyesha nguo ilivyomkaa mtu mmoja siku moja, tena mtu mwenye bahati ya kiuno. Mchoro unaonyesha nguo ilivyotaka kuwa.

Hakufundishwa na mtu. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa mfagiaji katika duka la vitambaa. Siku hizo mshono uliuzwa ndani ya bahasha: nje mchoro wa gauni, ndani karatasi nyembamba za kukatia. Bomba la ghorofani likapasuka, stoo ikalowa, na karatasi zote za ndani zikawa uji. Mwenye duka akamwambia azitupe. Yeye akazitupa kwao, chini ya kitanda, gunia zima la bahasha zenye mchoro nje na uji ndani. Miaka miwili alikata magazeti kwa kukisia kilichokuwemo, akiyapimia mwilini mwa mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye baba yangu. Baba alivaa kila aina ya gauni la gazeti kabla hajaota ndevu, na hiyo ndiyo silaha pekee aliyonayo Shangazi dhidi yake kwenye vikao vya familia. Inatosha.

Kusoma kwake kuna mpangilio. Kwanza mstari. Mchoraji akikandamiza brashi mstari ukawa mnene, hapo kitambaa kina uzito. Ukiwa mwembamba kama unywele, ni kitambaa chepesi. Ukikatika katikati, wino haukuisha. Hapo mwanga umepiga na nguo imebana mwili. Pili rangi, kwa sababu rangi ndiyo inayotenganisha kivuli na kitambaa. Mwisho nakshi, yaani milia, maua, madoa, chochote kilichochapwa juu ya nguo. Nakshi, anasema, ni shahidi asiyehongeka. Mstari na rangi huvisoma kwa sauti, kidole kikitembea juu ya karatasi bila kuigusa; nakshi huisoma kimoyomoyo, ndipo ashike chaki.

Mimi nilihamia kwenye meza yake baada ya diploma yangu ya ubunifu wa mavazi kuishia njiani. Mimi na chuo tuliachana vizuri tu; chuo ndicho kilichoanza. Siku ya kwanza fundi mwenzake, mwanamume mmoja anayekaa kwenye mashine ya overloki, ile ya kufungia kingo za nguo, tangu sijazaliwa na ambaye kila mtu anamwita Overloki, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nusu. Tangu siku hiyo jina langu ni Nusu, na hata wateja wanaokuja mara moja kwa mwaka wanalijua.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja. Mkasi mkubwa ulitundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya meza ya kukatia. Ukishashushwa, asiyekata hasemi. Hata kama nyumba inaungua, mtoke kimyakimya. Zamani mtu alimuuliza Shangazi swali la chai wakati anakata, na bibi harusi mmoja akaolewa na kiraka kwapani. Picha zote za harusi ile, bibi harusi amebana mkono kama ana kipimajoto.

Mwalimu alikuja siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya upande wa pili wa barabara, mwanamke mrefu, mwenye sauti inayokufanya uchunguze kama umechomekea. Nusu ya mtaa imepigwa na rula yake, Overloki mwenyewe akiwemo, ingawa yeye husema alionewa. Jumamosi ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini na shule ilikuwa imeandaa hafla ya kumuaga. Nikampa shikamoo, akaipokea kama anasahihisha daftari, akafungua bahasha ya kaki mezani.

Ndani kulikuwa na ukurasa wa katalogi ulioshika manjano pembeni, kitambaa cha milia ya kahawia juu ya rangi ya maziwa, na kipande kingine kidogo cha bluu tupu, nusu yadi. Akaeleza kwa mkato. Mama yake alivinunua vyote siku Mwalimu alipopata cheti cha ualimu, ili aingie darasani siku ya kwanza amevaa gauni la kwenye ukurasa. Mafundi wanne waliuangalia ukurasa ule wakaukataa. Mama akasema basi, kitambaa kitasubiri fundi atakayeweza kuusoma. Mama akafariki, kitambaa kikaendelea kusubiri. Sasa Mwalimu alitaka kutoka darasani na nguo aliyokusudiwa kuingia nayo.

"Kiwanda kilichokifuma kimefungwa," akasema. "Nilishaulizia. Ukikosea, hakuna kingine."

Shangazi akasema amesikia. Akampima, akampa kiti karibu na mlango, akaupeleka ukurasa dirishani.

Hapo lazima niseme jambo ambalo nilikuwa nalo moyoni tangu wiki iliyotangulia. Shangazi alitia zipu ya kijani kwenye sketi ya bluu. Mteja alipolalamika, Shangazi alicheka, akasingizia taa, akaifumua. Nami nikacheka. Lakini kesho yake niliona amenyoosha mkono kwenye rafu ya nyuzi, mkono ukasita hewani mbele ya bobini za bluu na za kijivu, kama mtu anayesimama mbele ya milango miwili ya choo bila kujua upi wa wanawake. Akachukua ya kijivu. Kabla hajaifikisha kwenye cherehani, Overloki alipita, akambadilishia bila neno, akarudi kwenye kiti chake. Nilipomkodolea macho alinikata jicho, nikaacha.

Basi Alhamisi ile nilisimama nyuma ya bega la Shangazi, roho juu.

Akaanza. Mwanamke wa kwenye mchoro alikuwa anatembea, mguu wa kushoto mbele, mkono mmoja kiunoni, uso umegeuka kama amesikia akiitwa na mtu asiyempenda. Shangazi akasoma mstari. Mabega ya kawaida, hayajajazwa. Kola pana, mstari wake mnene, kwa hiyo imetiwa kitambaa kigumu ndani. Kiuno kimebanwa, mstari umekatika mara mbili. Sketi nyembamba, nyembamba sana, mpaka katikati ya muundi. Kila neno lilikuwa sahihi. Nilikuwa nafuata kwa macho na sikuona pa kumkosoa, na mimi kukosoa ndiko kulikonifukuzisha chuo.

Akaja kwenye rangi. Kahawia na maziwa, mwili mzima. Mkanda kahawia. Kidole kikashuka upande wa kushoto wa sketi, kutoka gotini hadi pindoni, ambako brashi ilikuwa imepaka pembe ndefu, nyembamba juu na pana chini.

"Hapa kivuli," akasema, akapita.

Hakikuwa kivuli. Kilikuwa bluu. Ilikuwa imepauka, kama wino uliooshwa mara mbili, lakini ilikuwa bluu ileile ya nusu yadi iliyolala mezani, na ilikuwa imeishia kwenye mstari ulionyooka pande zote mbili, jambo ambalo kivuli hakifanyi. Ule ulikuwa mpasuo wa sketi, na ndani ya mpasuo kulikuwa na pande la kitambaa cha bluu.

Nikamtazama Overloki. Alikuwa ameinamia mashine yake anasafisha meno ya chuma kwa brashi, na meno yale yalikuwa safi tangu asubuhi.

Shangazi akaendelea kwa hesabu zake. Sketi nyembamba namna hii, Mwalimu atapandaje ngazi za jukwaa? Mchoraji hakujali, wa kwake hana pa kwenda. Itabidi sketi iongezwe shubiri moja ya upana ili mguu upate nafasi. Akatandaza kitambaa, akapima, akapima tena, akakunja uso. Kwa shubiri ile, milia haikutosha. Mikono ya gauni ingebidi itoke kwenye vipande, na kola ingekosa upande wa chini. Akamwambia Mwalimu kwa upole kwamba mama alipunjwa dukani, au alipima vibaya.

Mwalimu akasema mama yake alikuwa karani wa ghala miaka ishirini na mbili na hakuwahi kupima kitu vibaya. Hakusema kwa ukali. Nadhani angesema kwa ukali ningepumua.

Nikajaribu njia ya panya. Nikauliza, kama mtu asiye na habari, hiki cha bluu ni cha nini. Shangazi akasema cha mkanda. Nikasema mkanda wa kwenye mchoro ni wa kahawia. Akasema watu huwa na mikanda miwili. Nikasema pengine tungeupeleka mchoro nje, kwenye mwanga, maana wingu limeingia. Akasema yeye alianza kusoma michoro chini ya kitanda. Ningeweza kusema moja kwa moja, lakini Mwalimu alikuwa palepale, na mtaani kwetu habari haitembei, inapanda pikipiki. Fundi asiyeona rangi. Kufikia jioni angekuwa kipofu, kufikia kesho angekuwa marehemu.

Shangazi akapiga chaki gauni zima. Mistari ya sketi ikatoka mirefu, mipana, ikila milia iliyopaswa kuwa mikono. Alipomaliza akajifuta vidole kwenye aproni, akanyoosha mkono ukutani, akashusha mkasi.

Chumba kikawa kimya kama maji ya mtungi. Overloki akaacha kupiga brashi. Mwalimu, ambaye kila mtu alikuwa amemweleza sheria, akaunganisha mikono mapajani kama mwanafunzi. Shangazi akafungua mkasi, ulimi wa chini ukapita chini ya kitambaa, ukasogea hadi kwenye alama ya kwanza.

Nikaweka kiganja juu ya mstari wa chaki.

Hakuinua macho. Alisubiri, nadhani akifikiri nimeteleza. Kisha akasema taratibu:

"Toa mkono."

Nikatikisa kichwa.

"Nusu. Nitakukata."

"Nikate," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyopanga. "Mimi nitashonwa. Hiki hakishoneki."

Ndipo akaniangalia. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nakaa nacho nyumba moja na sijawahi kukiangalia vizuri: katikati ya mboni zake kulikuwa na ukungu mwembamba, rangi ya chai ya maziwa. Alijua ninachokiona.

"Pale kwenye kivuli?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Pale."

"Rangi gani?"

Nikamtazama Mwalimu kwa pembe ya jicho. "Bluu, Shangazi."

Akachomoa mkasi kwenye kitambaa bila kukata, akaulaza mezani. Mwaka wa thelathini na kitu wa ufundi wake, sijui kama aliwahi kuushusha mkasi ule kisha akaulaza bila kukata. Overloki akaanza kusema kwamba taa ya leo, dada, kwa kweli umeme, lakini Shangazi akamwinulia mkono, akageukia mlangoni.

"Mwalimu, mimi bluu siioni. Naona kama kijivu. Ni mtoto wa jicho, mwaka wa pili huu. Nilikuwa nataka kukata kitambaa cha mama yako bila kukwambia."

Mwalimu akasimama. Akaja mezani kwa mwendo wake ule wa kukagua kucha, akakitazama kitambaa chenye chaki, akashika pembe mbili, akaanza kukikunja. Alikunja polepole, ncha kwa ncha. Shangazi hakujitetea. Aliweka mikono nyuma.

Nikasema, kwa haraka, kwamba yote mengine aliyoyasoma yalikuwa sahihi. Mwalimu akaacha kukunja, akanigeukia.

"Na wewe umejuaje? Wewe si ndiye Nusu?"

Nikasema ndiye. Akasukuma ukurasa mbele yangu.

"Soma."

Sijawahi kufanya mtihani mgumu namna ile, na mitihani migumu naijua kwa majina. Nikasoma. Pembe ya bluu ni pande ndani ya mpasuo, nikaonyesha linapoanzia na linapoishia. Sketi haihitaji kuongezwa upana, kwa sababu mguu unapata nafasi kwenye pande. Shubiri inarudi, mikono inapatikana, kola inapatikana, karani wa ghala hakupima vibaya. Nikaona shingo ya Mwalimu inalegea kidogo, nikapata kiburi, nikaendelea. Sehemu ya mbele ya juu, nikasema, ni kipande kimoja, hakuna mshono, tunaikata nzima.

Overloki akakohoa.

"Umeangalia milia?" Shangazi akauliza. Alikuwa sasa amegeukia dirishani, hauoni ukurasa.

Nikaangalia. Pale kifuani hakukuwa na mstari wowote wa mshono, mchoraji hakuuchora. Lakini milia ilishuka kutoka mabegani kwa mshazari, kulia na kushoto, ikakutana katikati kama paa la nyumba lililopinduliwa.

"Mstari anaweza kuuacha," Shangazi akasema. "Milia hawezi kuikunja hivyo kwenye kitambaa kizima. Pale pana mshono. Vipande viwili, vyote vimekatwa mshazari. Ungeikata nzima, ungeiua."

Masikio yakaniwaka moto. Nilikuwa nimetumia dakika tatu kuokoa sketi na nusu dakika kuua kifua. Na kwenye kitambaa, nilipoinama, nikaona Shangazi alikuwa ameshachora kifua kwa vipande viwili, mshazari, milia ikilingana hadi unywele. Alikuwa ameyaona hayo kwa macho yaleyale yenye ukungu.

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja. Mkononi bado alikuwa na kitambaa nusu kimekunjwa. Sikuweza kusoma uso wake, na hapo pangekuwa pazuri kwa Mkalimani kusema neno, lakini naye alikuwa bado anatazama dirishani.

"Kwa hiyo huyu haoni rangi," Mwalimu akasema mwishowe, "na huyu haoni mshono."

"Ndiyo," tukasema wote wawili.

"Na huyu anaona vyote lakini hasemi." Hapo alikuwa anamtazama Overloki, ambaye alirudi kuwa mtoto wa darasa la tatu mbele ya macho yetu, akakiri kwamba ndiyo, Mwalimu.

Akakikunjua kitambaa. Akakilaza mezani, akakipangusa kwa kiganja mara moja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Akasema kitakatwa leo, mbele yake, na sheria ya kutokusema wakati wa kukata imefutwa kwa amri yake. Katika miaka yake yote kazini, alisema, makosa mengi aliyoyaona yalifanyika darasa likiwa kimya. Akavuta kiti kutoka mlangoni, akakiweka kichwani mwa meza, akakaa.

Nikafuta chaki ya sketi kwa brashi. Shangazi akanipa chaki yake, ile iliyolika ikawa kama ukucha, ambayo hajawahi kumpa mtu, nami nikachora mpasuo na pande kwa vipimo alivyokuwa ananitajia kutoka kichwani. Alihesabu kwa vichwa, kama anavyofanya siku zote: mwanamke wa mchoro ana urefu wa vichwa tisa, mtu wa Mungu ana saba na nusu, kwa hiyo kila kitu chini ya goti rudisha nyuma vidole vitatu. Alinirekebisha mara mbili. Nilimrekebisha mara moja, kwenye uzi. Overloki, bila kuombwa, akaleta bobini ya bluu, akaitaja kwa sauti kubwa rangi yake, akaiweka.

Mkasi ukainuliwa tena. Shangazi akaufungua, akasimama juu ya alama ya kwanza, akasita.

"Hapa?"

"Hapo."

"Una hakika ni bluu?"

"Shangazi, diploma sikumaliza, lakini bluu walifundisha wiki ya kwanza."

Mwalimu akatoa mlio mmoja puani ambao kwa mwalimu mkuu ndio kicheko. Mkasi ukafunga. Kitambaa kilichosubiri maisha ya mtu mzima kikatoa sauti ndogo, ya kawaida kabisa, kama ukurasa unaofunuliwa.

Jumamosi tulikaa safu ya nyuma ya ukumbi wa shule. Mwalimu alipoitwa alisimama, gauni likasimama naye, la milia tu, la heshima, hakuna bluu yoyote. Nikahisi jasho. Shangazi akanishika goti. Kisha Mwalimu akatanguliza mguu wa kushoto kuelekea jukwaani, na pale chini ya goti bluu ikafunguka, ikafunga, ikafunguka.

"Kumbe ndiyo maana mchoraji alimchora anatembea," Shangazi akasema. Akaegemea mbele, akakaza macho yake yenye ukungu. Baada ya hatua chache akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa, hospitali ya macho hufungua Jumatatu au Jumanne.